MADA YA 7: CHANGAMOTO ZA DEMOKRASIA NA MAISHA YA KIRAIA
(Insha ya mjadala)

Shabaha

Kufikia mwisho wa mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza maana ya demokrasia na maisha ya kiraia;
(b) kufafanua changamoto zinazoikabili demokrasia kwa mifano halisi kutoka Kenya;
(c) kupendekeza njia za kutatua changamoto hizo;
(d) kuandika insha ya mjadala yenye pande mbili na msimamo ulio wazi.

7.1 Utangulizi

Katika Karatasi ya Kwanza, mtahiniwa huandika insha mbili. Kila insha huwa na alama 20 na haipaswi kupungua maneno 400. Masuala ya uongozi, uchaguzi, ufisadi na utangamano hujitokeza kwa sura nyingi: mara hotuba, mara tahariri, mara ripoti, mara swali la "jadili". Ukiimudu mada hii, utakuwa na hoja za kutosha kwa maswali hayo yote.

Tatizo la watahiniwa wengi ni kukariri orodha. Wanaandika "ukabila, ufisadi, umaskini, ujinga" kisha wanarudia kila neno kwa sentensi mbili zisizosema lolote jipya. Mtahini ameisoma orodha hiyo mara nyingi siku hiyohiyo. Kinachoipandisha insha kutoka kiwango cha C hadi A ni namna unavyoikuza hoja: ieleze, itolee sababu, itolee mfano halisi kisha uonyeshe athari yake kwa mwananchi. Ndiyo maana sura hii inakupa tarehe, vifungu vya Katiba na takwimu. Zijue, lakini uzitumie kwa kiasi.

Kuna sababu nyingine ya kuisoma mada hii kwa makini. Baadhi yenu mna miaka 18 tayari, na wengine mtaitimiza muda mfupi baada ya mtihani. Mambo yaliyomo humu yatawahusu hata baada ya kurudisha karatasi ya majibu.

7.2 Msamiati muhimu

- Demokrasia: mfumo wa utawala ambamo mamlaka hutoka kwa wananchi, nao huyatumia moja kwa moja au kupitia viongozi waliowachagua.
- Maisha ya kiraia: namna wananchi wanavyoshiriki katika mambo ya umma: kupiga kura, kuhudhuria mabaraza, kuwasilisha malalamiko, kujiunga na vyama na makundi ya kijamii, kufuatilia matumizi ya fedha za umma.
- Ushirikishaji wa umma: kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla ya uamuzi kufanywa.
- Uwajibikaji: hali ya kiongozi kukubali kuulizwa na kutoa maelezo kuhusu kazi aliyopewa.
- Debe: sanduku la kura. *Kumwangusha mtu debeni* ni kumshinda katika uchaguzi.
- Mchujo: uchaguzi wa ndani wa chama wa kumpata mgombeaji.
- Kura ya maoni: kura inayopigwa kuamua suala fulani, kwa mfano Katiba.
- Mlungula (hongo, chauchau, kadhongo): malipo ya kumshawishi mtu atende kinyume na haki.
- Kubatilisha: kutangaza kuwa jambo halina nguvu za kisheria.

7.3 Demokrasia ya Kenya kwa muhtasari

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka wa 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, KANU ikabaki peke yake. Mnamo Juni 1982 kifungu cha 2A kiliongezwa katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Katika mchujo wa KANU wa mwaka wa 1988, wapigakura walipanga mlolongo nyuma ya wagombeaji au mawakala wao, kwa hivyo kura haikuwa siri tena.

Wananchi waliodai mabadiliko walikabiliwa vikali, hasa katika maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992. KANU iliondolewa mamlakani kwa kura mwaka wa 2002. Katiba ya sasa iliungwa mkono na takriban asilimia 67 ya wapigakura katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Kifungu cha 1 kinasema kwamba mamlaka yote makuu ni ya watu wa Kenya.

Tunajifunza nini? Haki tulizo nazo leo zilidaiwa na watu, tena kwa gharama. Haki iliyopatikana hivyo inaweza pia kupotea, iwapo wenyewe watailalia masikio.

7.4 Changamoto

(i) Siasa za kikabila

Mgombeaji anayejua kwamba watu wa jamii yake watampigia kura hata afanye nini hana haja ya kueleza sera zake. Mpigakura naye huogopa kwamba "wao" wakishinda, "sisi" tutanyimwa barabara, kazi na hospitali. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa wanasiasa.

*Mfano:* Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipozozaniwa, ghasia zilizuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Upatanishi ulioongozwa na Kofi Annan ulizaa mkataba uliotiwa sahihi na Mwai Kibaki na Raila Odinga tarehe 28 Februari 2008. Viongozi waliogawana mamlaka walikaa meza moja ya baraza la mawaziri. Aliyechomewa nyumba alibaki kambini. Hapa methali ya fahali wawili na nyasi inafaa kabisa.

*Tahadhari:* Usiitaje jamii yoyote kwa ubaya katika insha yako. Kosoa siasa za kikabila, usikosoe kabila.

(ii) Uchaguzi usioaminika

Uchaguzi hauhitaji mshindi tu. Unahitaji pia mshinde anayekubali kwamba ameshindwa kwa haki. Imani hiyo ikikosekana, kura huacha kuwa njia ya kumaliza mizozo, ikawa mwanzo wa mizozo.

*Mfano:* Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kubatilisha ushindi wa rais aliye mamlakani. Wengi waliusifu uamuzi huo kama ushahidi wa uhuru wa mahakama. Hata hivyo, upinzani ulisusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba. Idadi ya waliopiga kura ikashuka kutoka takriban asilimia 79 ya waliojiandikisha hadi takriban asilimia 39.

Mwaka wa 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliweka Fomu 34A za vituo vya kupigia kura kwenye tovuti ili kila mtu ajijumlishie. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya uwazi. Lakini makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo yaliyotangazwa na mwenyekiti wao, ingawa Mahakama ya Juu baadaye iliyaidhinisha. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 tume ilikaa bila makamishna wa kuendesha uchaguzi, na eneobunge kama Banissa, katika Kaunti ya Mandera, likakaa muda mrefu bila mbunge baada ya aliyekuwepo kufariki. Unaona basi kwamba taasisi dhaifu humnyima mwananchi uwakilishi hata pasipo wizi wa kura.

(iii) Hongo na ufisadi

Kuna hongo ya siku ya kampeni na kuna ufisadi wa miaka mitano inayofuata. Watahiniwa huyatenganisha, ilhali ni jambo moja. Mgombeaji aliyenunua kura huichukulia pesa hiyo kama karadha, naye huja kujilipa kutoka hazina ya umma.

*Mfano:* Tuchukulie kwamba mpigakura amepewa shilingi 500. Muhula wa kiongozi ni miaka mitano, yaani zaidi ya siku 1,800. Gawanya: ameuza sauti yake kwa takriban senti 27 kwa siku. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka wa 2016 inawatia hatiani wote wawili, anayetoa hongo na anayepokea.

Usimlaumu maskini pekee. Mama ambaye watoto wake wamelala njaa hawezi kulinganishwa na tajiri anayetumia njaa hiyo kama silaha. Hoja inayotambua hali hii huonyesha ukomavu wa mtahiniwa.

(iv) Ushirikishaji wa umma usio wa kweli

Kifungu cha 10 cha Katiba kinauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Hata hivyo, mara nyingi tangazo hutolewa siku chache kabla ya mkutano, mkutano hufanyiwa mbali na wananchi, na stakabadhi huwa za Kiingereza kizito cha kisheria. Mkulima hufika, hutia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, hunywa soda na kurudi nyumbani. Orodha hiyo hutumika kuthibitisha kwamba "wananchi walishirikishwa".

*Mfano:* Mswada wa Fedha wa 2024 ulipojadiliwa, vijana wa kujitolea waliutafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya na kuufafanua kwa video fupi mitandaoni. Watu ambao hawakuwahi kusoma mswada walianza kuulizana kuhusu ushuru wa mkate na wa mafuta ya kupikia. Kazi hiyo ya lugha ilifanya ushirikishaji ambao matangazo ya magazetini hayajaweza kuufanya. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, kwa hivyo mwananchi ana haki ya kusemeshwa kwa lugha anayoielewa.

(v) Habari za uongo na matamshi ya chuki

Zamani uvumi ulisafiri kwa miguu. Leo picha iliyogeuzwa hufikia maelfu ya simu kabla ya chai kupoa. Teknolojia ya akili unde imerahisisha kutengeneza sauti na video za watu wakisema mambo ambayo hawakuyasema. Madhara ni mawili: watu huamini uongo, kisha wakishaugundua huacha kuamini hata ukweli.

Kumbuka kwamba suala hili lina upande wa pili. Serikali inaweza kutumia kisingizio cha "habari za uongo" kuwanyamazisha wakosoaji, ilhali Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Kifungu hichohicho hakilindi matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia. Mtahiniwa mzuri hutaja uhuru pamoja na mipaka yake.

(vi) Maandamano na matumizi ya nguvu

Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha.

*Mfano:* Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalifikia kilele tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni na sehemu ya jengo ikateketezwa. Siku iliyofuata, Rais alitangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi. Lakini makumi ya watu, wengi wao vijana, walipoteza maisha katika maandamano ya kipindi hicho, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliripoti visa vya watu kutekwa nyara. Maduka ya watu wasiokuwa na hatia yaliporwa pia.

Maswali ya kujiuliza: Je, polisi anawezaje kuilinda mali bila kuua? Je, mwandamanaji anawezaje kumtenga mporaji? Insha yenye haki haikwepi lolote kati ya maswali haya.

(vii) Uwakilishi mdogo wa wanawake

Kifungu cha 27(8) kinaitaka serikali ihakikishe kwamba si zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa ni wa jinsia moja. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, na mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Maendeleo yapo, ingawa ni ya mwendo wa kobe: mwaka wa 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana, mwaka wa 2017 walikuwa 3, na mwaka wa 2022 wakawa 7 kati ya magavana 47.

(viii) Wananchi kujitenga

Mwaka wa 2013, takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka wa 2022 idadi hiyo ilikuwa takriban asilimia 65 ya wapigakura milioni 22.1. Hesabu inaonyesha kwamba zaidi ya watu milioni 7 waliojiandikisha hawakupiga kura, mbali na wale ambao hawakujiandikisha kabisa. Wengi hutoa sababu moja: "Hakuna kitakachobadilika." Hoja hii tutaijadili katika insha ya mfano.

Zingatia: Changamoto hizi hulishana. Ukabila humfanya kiongozi asiulizwe maswali. Asiyeulizwa maswali huiba. Wizi huleta umaskini, umaskini ukamfanya mpigakura apokee hongo. Aliyechoshwa na hayo yote hukaa nyumbani, na akikaa nyumbani kiongozi yuleyule hurudi. Ukiweza kuonyesha uhusiano huu katika insha, hoja zako zitasomeka kama mnyororo mmoja.

7.5 Njia za utatuzi

Epuka mapendekezo ya jumla kama "serikali ifanye juhudi". Taja nani afanye nini.

1. IEBC iteue na kuwafunza makarani mapema, na iendelee kuweka fomu za matokeo hadharani.
2. Bunge lijaze nafasi za makamishna kabla hazijakaa wazi kwa muda mrefu.
3. Kaunti zitoe muhtasari wa miswada na bajeti kwa Kiswahili, na mikutano ifanywe katika wadi.
4. Polisi wanaotumia nguvu kupita kiasi wachunguzwe na chombo huru na kushtakiwa.
5. Vyombo vya habari vithibitishe taarifa kabla ya kuzitangaza.
6. Shule zitumie uchaguzi wa baraza la wanafunzi kufunza kampeni za sera, kura ya siri na kukubali kushindwa.
7. Mwananchi ajiandikishe, aombe taarifa kwa mujibu wa Kifungu cha 35, awasilishe malalamiko Bungeni kwa mujibu wa Kifungu cha 119.

7.6 Swali na insha ya mfano

*"Vijana wa Kenya wana kila sababu ya kutopiga kura." Jadili.* (alama 20)

VIJANA WANA KILA SABABU YA KUTOPIGA KURA

Uchaguzi mkuu nchini Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Siku hiyo wako wanaorauka alfajiri na kupanga foleni, na wako wanaolala hadi jua la utosi. Miongoni mwa wanaolala, vijana si haba. Je, wana haki ya kufanya hivyo?

Wanaotetea msimamo huu husema kwamba ahadi za wanasiasa hazitimizwi. Kijana aliyeahidiwa kazi mwaka wa kwanza wa muhula bado anazunguka na bahasha ya vyeti mwaka wa tano. Mtu aliyedanganywa mara tatu hastahili kulaumiwa akikataa kudanganywa mara ya nne.

Isitoshe, matokeo yenyewe hayaaminiki kwa wengi. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Mwaka wa 2022 makamishna wa tume moja walitofautiana hadharani kuhusu matokeo. Kijana hujiuliza: kama waliohesabu hawakubaliani, mimi niliyepiga nitaamini nini?

Vilevile, mara nyingi hakuna chaguo la maana. Gharama ya kampeni ni kubwa, kwa hivyo wanaofika kwenye karatasi ya kura ni wenye pesa au watoto wa wenye pesa. Vyama hubadilishwa kama mashati, na aliyekuwa adui jana ni mshirika leo. Kuchagua kati ya wagombeaji kama hao ni sawa na kuchagua rangi ya kamba utakayofungiwa.

Aidha, vijana wameona kwamba kuna njia nyingine za kusikika. Mwezi wa Juni 2024 Mswada wa Fedha haukuangushwa debeni. Uliangushwa na sauti za barabarani na mitandaoni.

Licha ya hoja hizo, zipo sababu nzito za kupiga kura. Kwanza, kutopiga kura hakumwadhibu mwanasiasa mbaya. Humsaidia. Yeye anawajua wafuasi wake na atawabeba kwa magari hadi vituoni. Kila asiyemtaka anayebaki nyumbani humpunguzia kazi.

Pili, kura chache huamua mambo makubwa. Katika uchaguzi wa urais wa 2022, tofauti kati ya mshindi na aliyemfuata ilikuwa takriban kura 233,000. Waliojiandikisha na wasipige kura walikuwa zaidi ya milioni saba. Anayesema kura yake haina maana hajaitazama hesabu hiyo.

Tatu, karatasi za kura ni sita. Hata asiyemwamini mgombeaji yeyote wa urais anaweza kumjua mwakilishi wadi anayefaa. Huyu ndiye atakayeuliza kwa nini zahanati ya kijiji haina dawa, na wakati mwingine hushinda kwa kura chache mno.

Zaidi ya hayo, maandamano yanaweza kuzuia jambo baya lakini hayawezi peke yake kuleta jema. Mswada uliokataliwa barabarani ulipitishwa kwanza na wabunge, na wabunge hao walichaguliwa. Makumi ya vijana walipoteza maisha kwa kujaribu kurekebisha kwa miguu jambo ambalo lingeweza kuzuiwa kwa kura.

Hatimaye, haki hii ilidaiwa na watu waliofungwa na kupigwa ili tuipate. Kuitupa kwa sababu inatumiwa vibaya ni kuuchoma mgomba kwa sababu nyani wameiba ndizi.

Kwa maoni yangu, vijana wana kila sababu ya kukasirika, lakini hawana sababu ya kutosha ya kutopiga kura. Hasira inayobaki nyumbani humfurahisha mkosaji. Kijana na apige kura asubuhi, na kesho yake aanze kumfuatilia aliyemchagua hadi siku ya mwisho ya muhula.

7.7 Maelezo kuhusu insha

- Kichwa kimetolewa kwenye mada na kupigiwa mstari katika karatasi halisi.
- Pande zote mbili zimejadiliwa: hoja nne za kuunga, tano za kupinga. Mtahiniwa akijadili upande mmoja tu katika swali la "jadili" hupoteza alama za maudhui.
- Msimamo umetolewa mwishoni, na umetokana na hoja zilizotangulia. Usilete hoja mpya katika hitimisho.
- Hoja ya upande wa pili imepewa nguvu zake. Mwandishi hakuwadharau vijana wasiopiga kura. Alizieleza sababu zao kwa uaminifu, ndipo akazijibu. Hoja ya Juni 2024 imetumiwa na pande zote mbili, jambo linaloonyesha fikra pevu.
- Viunganishi *isitoshe, vilevile, aidha, licha ya, hatimaye* vimebadilishwabadilishwa.
- Tamathali ni chache na zinafaa. Methali tano katika aya moja haziongezi alama.

Makosa ya kuepuka

1. Kushabikia chama au kumtusi kiongozi.
2. Kubuni takwimu. Kama huna uhakika wa nambari, andika "wengi" au "idadi kubwa".
3. Kuchanganya *wadi, eneobunge* na *kaunti*. Mwakilishi wadi hupeleka hoja katika bunge la kaunti, mbunge katika Bunge la Taifa, na seneta katika Seneti.
4. Kutumia lugha ya mitaani. Andika *polisi*, usiandike *karao*.
5. Kosa la upatanisho: si *"demokrasia imeleta uhuru mingi"* bali *"demokrasia imeleta uhuru mwingi"*.

7.8 Mazoezi

1. Wewe ni rais wa baraza la wanafunzi katika shule yenu. Andika hotuba utakayoitoa kwa wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu umuhimu wa kushiriki katika maisha ya kiraia baada ya kumaliza shule.
2. Kaunti yenu imelaumiwa kwa kutowashirikisha wananchi katika kutayarisha bajeti. Ukiwa katibu wa jopo lililoteuliwa kuchunguza suala hilo, andika ripoti.
3. "Mitandao ya kijamii imeijenga demokrasia kuliko ilivyoibomoa." Jadili.
4. Andika tahariri katika gazeti la *Mwenge* kuhusu hongo wakati wa kampeni.
5. Andika insha itakayothibitisha ukweli wa methali: *Usipoziba ufa utajenga ukuta.*

Vidokezo vya majibu

*Swali la 1:* Anza kwa kuwatambua wasikilizaji kufuatana na vyeo vyao. Taja mambo ambayo kijana wa miaka 18 anaweza kufanya mwaka huohuo: kuchukua kitambulisho, kujiandikisha, kuhudhuria mkutano wa wadi. Funga kwa shukrani.

*Swali la 2:* Ripoti iwe na kichwa, utangulizi (hadidu za rejea na wanajopo), njia za uchunguzi, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Matokeo yatokane na 7.4 (iv): muda mfupi wa tangazo, umbali, lugha ngumu, maoni kutozingatiwa. Weka sahihi, jina, cheo na tarehe.

*Swali la 3:* Kuunga: mwananchi wa kawaida kusikika, kufafanua miswada, kufichua ufisadi. Kupinga: uongo, chuki, video ghushi, kuwatenga wasio na simu au intaneti. Toa msimamo.

*Swali la 4:* Tahariri iwe na jina la gazeti, tarehe, kichwa na msimamo wa gazeti. Tumia hesabu ya senti 27, lakini ieleze kwa maneno yako.

*Swali la 5:* Kisa kimoja kinatosha. Mathalani, kijiji kilichopuuza hongo ndogo ya kiongozi wa kamati ya maji, hadi siku mradi wote ulipoporwa na mifereji ikakauka. Pande zote mbili za methali zidhihirike: ufa usiozibwa, na ukuta unaojengwa kwa gharama kubwa.